Fielder NZE141 (1NZ-FE) inakula oili na cheni inalia asubuhi: injini imekwisha kweli?

MkaziWaAhero
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Gari ni Toyota Fielder NZE141 ya 2010, injini 1NZ-FE, giaboksi CVT (ya otomatiki), odomita inasoma kilomita 168,000. Kazi yake ni Kisumu hadi Nakuru kupitia Kericho, mara nyingine Eldoret. Kati ya servisi na servisi, yaani kilomita 5,000, naongeza kama lita 2 za oili. Asubuhi ikiwashwa cheni (ile ya ndani ya injini inayoendesha vali) inalia sekunde chache kisha inanyamaza. Chini ya gari hakuna tone. Fundi wa Nakuru amepima kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda) akapata psi 164, 166, 162 na 165. Anasema injini mpya husoma zaidi ya 200, kwa hiyo hii imekufa, ninunue ex-Japan (injini iliyotumika kutoka Japani). Pia ikifika Timboroa inakosa nguvu kabisa. Nifanyeje?

SpanaKumi
Ndugu, usinunue injini kwa namba hizo. Kitabu cha 1NZ-FE kinataja psi 213 kama kiwango cha kawaida, cha chini kabisa 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama 15. Lakini 213 ni ya usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu, hewa yake ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, na injini haiwezi kubana hewa isiyoingia. Injini nzima kabisa ikipimwa Nakuru itasoma karibu 170; Kisumu, karibu 186. Silinda zako nne zimepishana psi 4 tu. Hiyo ni kompresheni nzuri kwa umri huo.

Muulize pia alipimaje. Injini iwe imepata moto, plagi zote 4 zitolewe, soketi za injekta (zinazonyunyizia petroli) zichomolewe, betri ijae ili kranki (mhimili mkuu wa injini) izunguke angalau mara 250 kwa dakika, na pedali ikanyagwe hadi chini. Throto (mlango wa hewa wa injini) ikiwa imefungwa utapata namba ndogo hata kwa injini mpya.

Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Hii injini ina farasi kama 110 pwani. Pale juu zinabaki kama 80, bila ugonjwa wowote. Haina turbo ya kufidia. Weka filta safi ya hewa, na usafishe sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli wala brashi.

Nyar_Kibos
Nakubaliana na SpanaKumi, ila asiridhike mapema. Kompresheni nzuri haimaanishi oili haipiti. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazobana hewa, na ndizo geji inapima. Ya tatu kazi yake ni kukwangua oili kutoka ukutani na kuirudisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kupitia matundu madogo ya pistoni. Kwenye 1NZ matundu hayo huziba kwa masizi na ringi ya tatu ikakwama ndani ya mfereji wake, hasa gari likizoea servisi za kuchelewa. Hapo geji inasoma vizuri na oili inaungua kila siku.

Kwa hiyo angalia moshi unatoka lini. Ukitoka wingu la bluu asubuhi tu kisha ukaisha, shuku sili za vali: oili imechuruzika usiku kucha. Ukiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi umeachia pedali muda mrefu, halafu ukikanyaga linatoka wingu, hapo ni sili au ringi ya tatu, kwa sababu injini ikisukumwa na gari huvuta ombwe kubwa linalofyonza oili. Ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi.

Kabla ya yote hayo, badilisha vali ya PCV (inayopitisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue) iliyo kwenye kava ya juu ya injini. Itoe, uipulize: upande wa kava hewa ipite kwa urahisi, upande wa manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ipite kwa shida. Ikipita sawa pande zote, injini inakunywa mvuke wa oili kupitia hapo. Ni spea ya bei ndogo, na mafundi wengi huiruka.

OduolDizeli
Mambo mengi ya nini? Weka 20W-50, oili itaacha kupungua na cheni itanyamaza.

SpanaKumi
@OduolDizeli hapana, kaka, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu limeua 1NZ nyingi. Injini hii imeundwa kwa 5W-30. Tensheina (kikaza cheni) husukumwa na presha ya oili, na VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka) nayo hivyo hivyo. Oili nzito ya asubuhi huchelewa kufika kwenye tensheina, kwa hiyo cheni inapiga muda mrefu zaidi, ikikwaruza gaidi zake (reli za kuiongoza) za plastiki. Pia kuna kichujio kidogo chini ya boliti pembeni ya vali ya oili ya VVT. Uchafu ukiziba pale, injini inakosa nguvu na taa ya injini inawaka na msimbo wa hitilafu P0011. Akitaka kupanda kidogo, 5W-40 inatosha.

Ujazo ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, 3.4 bila filta. Fanya hesabu: lita 2 kati ya 3.7 zikipotea, unaendesha na nusu ya oili, na kwenye kona za Londiani oili inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa. Taa nyekundu ikiwaka hata kwa kona moja, beringi na cheni zimeshaumia. Hiki ndicho kinachoua injini hii. Ule ulaji wa oili wenyewe unavumilika ukiufuatilia.

MkaziWaAhero
Asanteni sana. Moshi nauona kidogo asubuhi, na zaidi baada ya mteremko. Nikikanyaga barabara tambarare siuoni. Na cheni, ni ya kubadilisha sasa?

Nyar_Kibos
Sekunde moja au mbili baada ya gari kulala usiku, vumilia huku ukichunguza. Ukisikia inalia hata ikiwa moto, au kompyuta ikitoa msimbo P0016, cheni imerefuka, usingoje. Filta duni isiyo na vali ya kuzuia oili kurudi nayo huleta kelele ile ile, kwa hiyo anza na filta nzuri.

Ikifika kubadilisha, nunua seti nzima: cheni, tensheina, gaidi mbili, sili ya mbele ya kranki. Giya za kemu (mihimili inayofungua vali) zikaguliwe meno. Kava ya mbele ya 1NZ ndiyo inabeba pampu ya oili na haina gasket ya karatasi. Inafungwa kwa silikoni. Mwambie fundi akwangue silikoni ya zamani yote na asipake nyingi. Vipande vikianguka sampu huziba kichujio cha pampu, na ile injini yenye cheni mpya inakufa kwa kukosa oili. Pingili zenye rangi zilingane na alama za giya, kisha kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kufunga.

Wakati kava ya vali iko nje, pima nafasi ya vali injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35. Hazijirekebishi zenyewe.

SpanaKumi
Kwa moshi ulioueleza, mimi ningeanza hivi. PCV mpya, oili 5W-30 halisi kutoka duka unaloliamini, filta nzuri. Paki tambarare, zima, ngoja dakika 5, jaza hadi alama ya juu ya kijiti, andika odomita. Baada ya kilomita 1,000 jaza tena kwa chupa yenye vipimo. Ulaji ukishuka chini ya robo lita, endelea na maisha. Ukibaki karibu na lita 0.4 kama sasa, badilisha sili za vali. Fundi mwenye kifaa cha kuingiza upepo kwenye silinda hafungui hata hedi (kichwa cha injini).

Kama sili hazikusaidia, kuna dawa ya kulowesha pistoni kupitia matundu ya plagi usiku mzima. Inasaidia baadhi, si zote. Asubuhi lazima uzungushe kranki plagi zikiwa nje, injekta zikiwa zimechomolewa, ili majimaji yatoke. Ukiwasha na majimaji ndani unapinda konrodi (mkono wa pistoni). Kisha mwaga oili yote, weka mpya. Plagi zikirudi, pengo liwe milimita 1.1.

Hatua ya mwisho ni pistoni na ringi mpya. Bloku ni ya aluminiamu yenye laina nyembamba za chuma zilizoyeyushiwa ndani, hazichomolewi kama za lori, kwa hiyo zipimwe kwanza. Boliti za hedi zikazwe kwa Nm 29 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha zizungushwe nyuzi 90, kisha 90 tena.

BwanaSpeaNakuru
Nyongeza kwa wanaofika kwenye ex-Japan: 1NZ-FE si moja. Za zamani zina throto ya kebo, ya NZE141 ni ya umeme, na sampu na manifoldi hutofautiana kati ya Probox, Vitz na Fielder. Linganisha na injini yako pale pale dukani kabla ya kulipa. Fungua kifuniko cha oili: ukiona matope meusi, iache. Na namba ya injini iko kwenye logibuku, kwa hiyo badiliko lisajiliwe NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani Kenya), la sivyo siku ya kuuza gari mnunuzi atakwama.

MkaziWaAhero
Nimeelewa. Naanza na PCV, filta na kipimo cha kilomita 1,000. Je, kijiti nikiangalie kila safari?

SpanaKumi
Kila ukijaza mafuta, na lazima kabla ya kupanda Kericho. Beba lita moja ya oili ile ile kwenye buti.