Tupeane uzoefu: ulikwama wapi katika kisa kirefu cha Eragon na joka lake?

Mwenye mjadala, Mkomani, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu zangu wasomaji. Mpwa wangu amenirudishia Eragon, riwaya ya Christopher Paolini, akiwa amekiacha katikati, na nilipomuuliza sababu akanijibu kwamba kitabu hiki kinatembea sana. Jibu lake lina haki yake, kwa kuwa kurasa zinakaribia 500, na katika nyingi kati ya hizo kijana na joka lake wamo njiani. Kwa hiyo sitaki tubishane kama kitabu ni kizuri au kibaya. Naomba kila mmoja aeleze alivyokisoma, alikwama wapi, na kama alikwamuka, ni kitu gani kilichomkwamua.

Naanza mimi. Nakala yangu ilivuka kutoka Mokowe wakati wa kusi, ikiwa ndani ya kikapu kilichowekwa upande mbaya wa boti, na maji ya chumvi yakaziganda kurasa za mwisho, zile zenye maana za maneno ya lugha ya kale, lugha ya uchawi humo kitabuni. Nikakisoma bila msaada huo. Tena sikukisoma peke yangu: kila usiku baada ya sala ya isha nilimsomea bibi yangu, nikifasiri papo hapo, naye akisuka ukili huku akisikiliza.

Taabu ilianza kwa neno lenyewe. Kwetu joka ni nyoka aliyepita kiasi. Hutambaa na kukaa pangoni, wala hana mbawa. Bibi alinisimamisha ukurasa hata haujaisha, akataka kujua nyoka gani huyu mwenye miguu minne, na nikalazimika kumchorea kwa kidole juu ya mkeka. Kisha ikaja shida ya sarufi, ambayo sikuitarajia. Usiku wa kwanza nilisema kwamba joka lile lilitoka katika yai la buluu ambalo kijana alilidhania kuwa jiwe, lakini joka huyo, Saphira, alipoanza kuzungumza na kijana kwa mawazo, ulimi wangu ulibadilika wenyewe nikawa nasema joka yule, anaona, anakasirika, anacheka. Bibi hakunikosoa. Ulimi wangu ndio ulionionyesha ni ukurasa gani hasa mnyama huyu alipogeuka kuwa mwenziwe.

Tulikwama alipokufa Brom. Bibi alikuwa amempenda tangu mwanzo, mzee wa kijijini ambaye watu humwona mpiga hadithi tu, kumbe anayajua ya ndani kuhusu wapanda majoka wa zamani. Saphira alipoligeuza kaburi lake kuwa almasi, bibi aliweka ukili chini, akasema inatosha, na kwa siku tatu hakutaka kusikia kitabu, kama aliyekaa matanga. Siku ya nne akaniita mwenyewe: “Yeo tusome.”

Mwalimu, Malindi

Waalaykumu salaam, dada. Mimi nilikwama kabla ya kufungua kitabu. Nilipowapa wanafunzi wa kidato cha pili nakala mbili wazisome kwa zamu, mzazi mmoja alikuja shuleni na malalamiko kwamba ninawafundisha watoto uchawi, na sikumlaumu, kwa sababu mtu aliyesikia muhtasari tu angeogopa. Nilimkalisha nikamweleza utaratibu uliomo humo. Anayetaka kuinua jiwe kwa neno la lugha ya kale hutumia nguvu ileile ambayo mwili wake ungetumia kuliinua kwa mikono, na akijitwisha jambo linalozidi uwezo wake, hufa. Hakuna cha bure. Mzazi aliondoka akiwa bado na shaka, ila hakumkataza mwanawe.

Siku iliyofuata niliwaambia wanafunzi wasimame mmoja mmoja na kulinyanyua dumu la lita ishirini lililojaa maji, kisha waniambie wangethubutu kutamka neno la kuinua nini. Mvulana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alisema kwamba kupigana kwa maneno hayo ni sawa na mtu kulivuta jarife peke yake: samaki anaweza kuwa wako, lakini huna uhakika wa kurudi naye pwani. Sijawahi kupata ufafanuzi bora wa sura hizo.

Jambo jingine walilolipenda ni kwamba hakuna awezaye kusema uongo kwa lugha hiyo, ingawa mwerevu anaweza kuupindisha ukweli. Kwa wiki nzima kila aliyedai amesahau daftari nyumbani aliambiwa na wenzake aseme hivyo kwa lugha ya kale. Hao hawakukwama popote. Aliyekwama ni mimi, kwa kuwa nakala zilikuwa mbili na kila mmoja alitaka kukaa nazo wiki mbili.

Msomaji wa Garsen, mzaliwa wa Malindi

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Watu wengi hukisifu kitabu hiki kwa umri wa mwandishi: alianza kukiandika akiwa na miaka 15, wazazi wake wakakichapisha wenyewe mwaka 2002, na mwaka uliofuata kikachukuliwa na mchapishaji mkubwa wa Marekani. Ni habari ya kupendeza, lakini mimi msomaji sikununua umri wa mtu. Nilichokutana nacho ni mtoto wa shamba asiyewajua wazazi wake, mzee aliyeficha siri, mwanamke wa kuokolewa gerezani na mfalme dhalimu, watu ambao nilikwisha kuwaona katika hadithi nyingine kabla ya hii, wakiwa na majina yaliyo rahisi zaidi kutamka.

Nilikwama katika kurasa za safari ya jangwa la Hadarac. Nilikwamuliwa na dhiki: basi liliharibika kati ya Malindi na Garsen, simu ikaisha chaji, na kwa muda wa saa sita nilikuwa na kitabu hicho, chupa ya maji na kivuli cha mti mmoja ambao tuliugombania abiria wote. Nakiri kwamba vita vya Farthen Dûr, pale Arya, yule mwanamke wa gerezani, na Saphira wanapoivunja yakuti kubwa ya dari ili kijana apate nafasi ya kumchoma adui yake Durza moyoni, nilivisoma bila kuinua macho, hata fundi alipomaliza kazi yake sikutambua mpaka kondakta aliponishika bega. Hata hivyo hukumu yangu haijabadilika. Mwisho mzuri haulipi deni la jangwa.

Kijana wa Shela

Mimi nilianza na filamu ya mwaka 2006. Humo joka anapaa angani akiwa mdogo na anashuka akiwa mkubwa, kazi imekwisha. Katika kitabu kijana anamficha msituni, anamlisha, anahangaika kumtafutia jina, naye anakua kidogo kidogo. Kaka wa Garsen analalamikia urefu. Mimi nimeuona ufupi, sikuupenda.

Mwenye mjadala

Kaka wa Garsen, hoja yako kuhusu watu tuliokwisha kuwaona naikubali, ila kwa bibi haikuwa kasoro. Yeye aliuliza jambo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: baba wa mtoto huyu ni nani? Alikumbuka habari za Liongo, ambaye chuma hakikumdhuru mpaka mwanawe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, akasema kwamba penye shujaa kuna baba au mwana anayesubiri kutajwa. Nilimwambia kwamba kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 2005, kinatoa jawabu, na cha tatu, cha mwaka 2008, kinalipindua. Akaniuliza kwa nini basi nimekaa.

Cha pili nimekwisha kukipata. Kwa hiyo, mwalimu, hiki cha kwanza nakituma Malindi kwa mtu anayesafiri Alhamisi, ili zamu ya wanafunzi wako ipungue. Alama ya ukili iliyo katika ukurasa wa kifo cha Brom ni ya bibi. Tafadhali waambie wasiitoe. Zile kurasa za mwisho bado zimegandana.