Vifaa vya nyumbani vimechakaa: nianze na kipi?

Swali: Habari zenu, ndugu. Mashuka yetu yametoboka katikati, taulo hazifyonzi maji, kikaango kinabanduka utando, na waya wa pasi umechunika. Kila mwezi ninaweza kutenga fedha kidogo tu, nami sitaki kukopa. Nianze na kipi?

Jibu la kwanza: Ndugu, pasi hiyo usiichomeke tena hata leo, kwa sababu waya uliochunika unaweza kukupiga shoti au kuwasha moto; fundi anaweza kubadilisha waya peke yake, bila wewe kununua pasi mpya. Kikaango kifuate, na utakaponunua kingine, kile cha chuma kizito kisicho na utando kitakutumikia miaka mingi.

Jibu la pili: Naunga mkono. Mashuka yanaweza kusubiri, kwani shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolala, huku kingo zikibaki imara. Lipasue kwa urefu, geuza vipande ili kingo za nje zikutane, uzishone pamoja, kisha upinde pande zilizochakaa. Mshono utausikia siku za mwanzo, lakini utazoea. Taulo nazo zifue bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huacha utando juu ya nyuzi unaopunguza ufyonzaji wa maji.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Pasi nimeitenga, na kesho ninaipeleka kwa fundi.