Tupeane uzoefu: manyoya ya bata wa nyumbani na kile tunachowalisha, Nyanda za Juu Kusini

Mleta mada, Uyole

Ndugu wafugaji, habari za majukumu. Naomba uzi huu tuutumie kukusanya yale tuliyoyaona wenyewe kuhusu manyoya ya bata: yanayochanika, yanayolowa maji badala ya kuyamwaga, yanayochelewa kuota, na mabawa yanayokaa upande. Nawalenga hasa wenye bata wachache wa nyumbani, wanaokaa nao miaka mingi na kumjua kila mmoja kwa tabia zake, kwa sababu bata wa biashara mara nyingi huchinjwa kabla upungufu wa lishe haujajionyesha kikamilifu. Kila anayechangia aeleze alichokiona, bata walikuwa wakila nini, na kilichobadilika baada ya hapo.

Naanza mimi. Huku kwetu bata wengi wa nyumbani hula pumba za mahindi asubuhi na makombo ya ugali jioni, basi. Jike wangu wa kienyeji, wale wenye uso mwekundu, aliingia kwenye baridi ya Juni akiwa amepauka mgongoni. Nilipomshika na kulikunjua bawa lake, nikauchukua unyoya mmoja katikati ya vidole na kuupapasa kutoka shinani kuelekea nchani, niliona nyuzi zake hazishikani tena. Unyoya wenye afya ukiuvuruga kisha ukaunyoosha kwa kidole, nyuzi hunasana na kuwa kitu kimoja. Ule ulibaki umeachana. Isitoshe, ulikuwa na mistari myembamba iliyokingama, kana kwamba mtu ameukwangua kwa wembe, na mistari ya namna hiyo huonyesha kwamba wakati unyoya unaota, mwili ulipita kwenye dhiki au ulikosa lishe.

Unyoya karibu wote ni protini, takriban asilimia 90, na protini hiyo inadai sana viini vyenye salfa, yaani methionini na sistini. Pumba haziwezi kumtosheleza bata anayebadilisha manyoya, ambaye anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18. Pili, mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo hayana ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A ndiyo inayolinda ngozi ambamo unyoya unaota. Bata anaweza kushiba kila siku, akanenepa, na bado akakosa vitu vya kutengenezea vazi lake. Ndiyo maana siridhiki ninapomsikia mtu akisema bata hali shida, anakula chochote.

Nilipunguza pumba, nikaongeza mashudu ya alizeti, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ambayo yana methionini ya kutosha ingawa yamepungukiwa lisini, kiini kingine cha protini, kisha nikaweka dagaa waliosagwa kuziba pengo hilo, pamoja na majani ya maboga na chainizi yaliyokatwakatwa. Mwenye haraka ajue kwamba unyoya uliokwisha kukomaa hauponi, kwa kuwa hauna uhai ndani yake. Matokeo huonekana bata anapobadilisha manyoya, na kwa jike wangu yale mapya yalitoka yakiwa yanang'aa rangi ya kijani kwenye mabawa, bila mstari hata mmoja.

Mchangiaji wa Njombe

Ahsante, mleta mada. Langu ni la bawa. Binti yangu aliletewa na bibi yake kifaranga wa bata mweupe, aina ya Pekin, na kwa kuwa alimpenda mno, akawa anamgawia kila alichokula yeye: mkate, chapati, maandazi, wali. Kifaranga alikua kwa kasi iliyotufurahisha sote. Kabla hajamaliza kuota manyoya, bawa la kushoto likaanza kuning'inia, kisha kipande cha mwisho cha bawa, kile kinachobeba manyoya marefu ya kurukia, kikageuka na kutazama nje. Binti alidhani mbwa amemvunja.

Afisa mifugo alimshika, akapapasa mfupa wote, akatuambia hakuna kilichovunjika. Manyoya machanga yanapoota huwa yamejaa damu na ni mazito, na kifaranga anayelishwa vyakula vya wanga mwingi hukua haraka kuliko kifundo cha bawa kinavyoweza kuimarika, hivyo uzito unakipinda. Tatizo hili huonekana zaidi kwenye bawa la kushoto, ingawa yanaweza kuathirika yote mawili. Alilikunja bawa katika mkao wake wa asili, akalifunga kwa bandeji laini inayojishika yenyewe, akaacha kifua huru ili mnyama apumue, na akatuagiza tuifungue kila baada ya siku chache ili bawa linyooshwe na kukaguliwa lisije likakakamaa. Mkate na maandazi vilikoma siku ile ile. Kifaranga akawa anashinda nje akila nyasi na wadudu, na chakula cha dukani akipewa kwa kiasi.

Bawa lilirudi kwa sababu tuliwahi. Kwa bata mkubwa mfupa umeshakomaa na kufunga hakusaidii tena, lakini anaweza kuishi vizuri na bawa lake hivyo hivyo, mradi hahitaji kuruka. Wenye watoto wanaopenda kuwalisha bata mkate, tafadhali wawekeeni bakuli la mchicha uliokatwakatwa, au njegere, ambazo huku Njombe hazikosekani. Watoto hufurahia kulisha, si mkate wenyewe.

Mchangiaji wa Mafinga

Kwangu lilikuwa suala la kulowa. Bata walikuwa wakitoka kwenye mvua wameloa hadi kwenye ngozi, wanatetemeka, na manyoya ya tumboni yameshikana kwa uchafu. Huku Mufindi maranda ya misonobari tunayapata kwa urahisi kwa sababu ya viwanda vya mbao, kwa hiyo banda lilikuwa na matandiko mengi. Shida ni kwamba yalikuwa yakilowa na kubaki humo, na bata hawakuwa na maji ya kuoga, walikuwa na kopo la kunywea tu.

Juu ya mkia, pale unapoanzia, bata ana tezi ya mafuta. Anaisugua kwa mdomo na kichwa, kisha anayapaka mafuta manyoya yake, na wakati huo huo anazipanga zile nyuzi alizozieleza mleta mada. Mafuta peke yake hayatoshi ikiwa unyoya wenyewe umechakaa au umejaa tope, na bata asiyeoga hajitunzi ipasavyo. Tuliweka beseni pana lenye kina cha kumwezesha kutumbukiza kichwa chote, likawa linabadilishwa maji kila siku, na maranda yaliyolowa yakawa yanatolewa kila asubuhi. Baada ya hapo bata walianza kushinda wakijichokonoa na kujipaka, na maji yakawa yanateleza mgongoni kwa matone. Beseni liwekwe mbali na banda, la sivyo mtaligeuza banda kuwa dimbwi.

Mchangiaji wa Tukuyu

Kwa mvua za huku Rungwe nakubaliana kabisa na mchangiaji wa Mafinga. Mimi naongeza dogo: jike akipata upara kisogoni na mgongoni huku kwingine manyoya ni mazima, msikimbilie chakula wala dawa ya chawa kabla hamjahesabu madume. Dume humng'ata jike kisogoni anapompanda. Sisi tulikuwa na madume yanayokaribia idadi ya majike; tulipobakiza dume mmoja kwa majike watano, upara ulifunikwa.

Nina swali. Uwanja wetu una miparachichi na matunda huanguka chini. Je, kuna aliyeona madhara?

Mchangiaji wa Mbalizi

Wengi wetu huatamisha mayai ya bata kwa kuku, kisha vifaranga wanakuzwa pamoja na wa kuku na kula chakula kimoja, kile cha vifaranga wa kuku. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, ambayo ni moja ya vitamini za kundi B, kiasi cha miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, na hicho ni zaidi ya mahitaji ya kifaranga wa kuku. Mtu akichanganya chakula hicho na pumba ili kibaki kingi, hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu niasini ya mahindi imefungwa ndani ya nafaka na ndege hufaidi sehemu ndogo tu.

Nilichoona kwa vifaranga wa jirani yangu ni manyoya machache yaliyosimama ovyo, na miguu iliyopinda nje huku vifundo vimevimba. Manyoya ndiyo yaliyotangulia, ila yeye alishtuka alipoona wanakaa chini wakati wa kula. Tuliwaongezea dagaa waliosagwa, na daktari wa mifugo akawaandikia vitamini B za kuchanganya kwenye maji. Waliokuwa wameanza kuchechemea tu walinyooka na kuota manyoya vizuri. Mmoja ambaye miguu ilikuwa imeshapinda sana alibaki hivyo.

Mchangiaji wa Iringa Mjini

Naomba tusisahau kwamba kuna kunyonyoka kusikokuwa ugonjwa. Bata mkubwa hupukutisha manyoya kila mwaka, na yale marefu ya mabawa hudondoka karibu yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Majike huacha kutaga, madume wa Pekin huonekana wamechakaa, na uwanja unajaa manyoya. Kipindi hicho msiwashikeshike ovyo, kwa kuwa manyoya machanga yana damu na yakivunjika yanauma, na ongezeni protini badala ya kuwapa dawa za minyoo na antibayotiki kwa kubahatisha. Nilimzuia mama mkwe kumchinja bata kwa sababu hiyo, na bata huyo amerudi kutaga.

Mleta mada, Uyole

Mchangiaji wa Tukuyu, parachichi lina persini, sumu inayoweza kuudhuru moyo wa ndege. Si ndege wote wanaodhurika kwa kiwango kimoja, lakini mimi ningeokota matunda na majani kabla ya kufungulia bata.

Wadau wawili wameniuliza pembeni kuhusu machicha ya komoni, ile pombe ya kienyeji. Yana chachu, na chachu ina vitamini B kwa wingi, hivyo yanafaa yakiwa mabichi ya siku ile ile, yamekamuliwa vizuri, na yakiwa sehemu ndogo ya chakula. Yakilala na kuota ukungu, yamwageni. Vile vile mahindi yaliyovunda tunayoyatenga kwa kusema "hayo ni ya bata" ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa vifaranga wa bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Sumu yenyewe ilikuja kutambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, na vifaranga wa bata walikufa pia, wote wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Mashudu ya alizeti nayo yanunueni machache machache, muyanuse kabla ya kulipa, na muyaweke juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.