Naomba ushauri: nimeondoa namba kwenye safu ya mwisho ya struct, programu ya zamani imegoma

Mwanakerneli
Wakuu, habari za jioni. Nasafisha draiva moja ya kerneli ya Linux. Mwishoni mwa struct (kifurushi cha data cha lugha ya C) kulikuwa na safu ya mtindo wa zamani, nikaiweka kisasa: mabano matupu, `[]`, kama ya C99. Kerneli imejengeka bila onyo hata moja. Ila programu ya zamani ya kusoma kifaa sasa inarudishiwa "Inappropriate ioctl for device", yaani ombi lake kwa draiva (ioctl) halitambuliki. Kifaa ni kizima. Nianzie wapi? Usingizi sipati.

MzeeKompaila
Safu za urefu usiojulikana ziliisha 2018, toleo 4.20, onyo la kompaila `-Wvla` lilipowashwa. Kazi ya maana sana ile. Steki ya kerneli kwenye x86-64 ni KB 16 tu.

Mwanakerneli
Siyo hizo za kwenye steki, mzee. Hii ni ya mwisho wa struct.

BintiPwani
Ilikuwa `[0]` au `[1]`?

Mwanakerneli
Ya kizamani tu, dada. Nyaraka za kerneli zinazikataa zote mbili.

Sajenti
Vijana mnapenda kufagia kodi msiyoijua. Kazini kwetu jamaa alipanga upya struct ili ipendeze, mita za maji zikaanza kuleta namba za ajabu, tukakesha kurudisha kila kitu. Kodi ina wenyewe.

Kobe
Hii chai, wakuu. `[0]` ikiwa `[]`, `sizeof` (ukubwa kwa baiti) ni ileile. `_IOWR` huweka ukubwa wa struct ndani ya namba ya ioctl. Ukubwa usipobadilika, namba haibadiliki na kosa hilo halitokei. Weka diff (mistari uliyobadilisha), la sivyo uzi ufungwe.

Mwanakerneli
Siyo chai. Ilikuwa `__u32 data[1];` baada ya `__u32` moja tu, na faili liko `include/uapi`, kwenye heda zinazotumiwa pia na programu za nje ya kerneli. Lakini tangu 6.5 kerneli inajengwa kwa `-fstrict-flex-arrays=3`, kwa hiyo `[1]` inahesabiwa kuwa kipengele kimoja kweli na vikaguzi vya mipaka vinalalamika. Kuibadilisha ilikuwa lazima. Na kiraka (patch) nimeshatuma kwa mtunzaji wa kodi hiyo. Wenye programu si wajenge upya tu?

BintiPwani
Ungesema uapi tangu mwanzo! Struct ilikuwa baiti 8, sasa ni 4, ndiyo maana namba ya ioctl imebadilika. Na kujenga upya hakumwokoi mtu: aliyeomba kumbukumbu ya `sizeof` jumlisha vipengele `n - 1` sasa anapungukiwa baiti 4, anaandika nje ya eneo lake. Fanya kama `ip_msfilter` ilivyofanywa kwenye `in.h`:

```
union {
    __u32 data[1];
    __DECLARE_FLEX_ARRAY(__u32, data_flex);
};
```

Ndani ya union vyote viwili vinaanzia mahali pamoja, hivyo ukubwa unabaki 8, namba ya ioctl ileile. Ndani ya draiva tumia `data_flex`. Na mjibu mtunzaji leo, kwenye uzi uleule wa barua, asikipokee hicho kiraka.

Mwanakerneli
Union inachafua heda. Nikiongeza `__u32` tupu kabla ya `data[]`, si ukubwa unarudi 8?

Kobe
Unarudi, ila `data` inahama kutoka baiti ya 4 hadi ya 8. Programu ya zamani itasoma takataka bila kosa lolote kuonekana. Hiyo ni mbaya kuliko uliyonayo sasa.

Mwanakerneli
Sawa, naweka union. Mtunzaji namwandikia sasa hivi.

Kobe
Ukimaliza tubandikie matokeo ya `pahole` (zana inayoonyesha mpangilio wa struct), kabla na baada.