Ini lenye mafuta na kisukari: saratani inafuatiliwaje?

Raskazone: Wadau, salaam. Mama wa miaka 56, Tanga mjini, ana kisukari na kitambi, pombe hanywi. Altrasaundi imeandika ini lina mafuta, daraja la pili. Homa ya ini B na C hana. Vimeng'enya vya ini kwenye damu: AST 62, ALT 49. Chembe sahani (za kugandisha damu) 168. Kaambiwa apunguze mafuta ya kupikia, basi. Hatari ya saratani ikoje, na kipimo gani kifuate?

Nguvumali: Daraja la mafuta lisikushughulishe sana, kinachoamua ni makovu. Piga FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini: umri mara AST, gawa kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. 56 × 62 = 3472. Kipeuo cha 49 ni 7, mara 168 ni 1176. Jibu 2.95. Chini ya 1.3 makovu makubwa si rahisi kuwapo (aliyevuka 65 tumia 2.0), juu ya 2.67 si la kupuuza. Apimwe ugumu wa ini kwa elastografia. Aanzie hospitali ya Bombo hapo Tanga, kipimo kisipopatikana aombe rufaa Muhimbili.

Ila je, alikuwa na malaria siku ya kutolewa damu? Malaria hushusha chembe sahani, hesabu ikapanda bure. Kama alikuwa nayo, arudie akishapona.

Chumbageni: Ikithibitika ini limesinyaa kwa makovu (sirosisi), altrasaundi na AFP (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ini) kila miezi 6. AFP ya kawaida isimlaze mtu usingizi, vivimbe vingi vya saratani haviipandishi. Na kitambi hudhoofisha picha: aende hajala, alalie ubavu wa kushoto, avute pumzi aibane. Ripoti ikisema "ini halikuonekana vizuri", hiyo si sawa na "hakuna uvimbe". Hapo ni siti skani ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha, au MRI. Kivimbe chini ya sm 1 hurudiwa baada ya miezi 3. Kikifika sm 1, siti skani ya awamu kadhaa. Saratani hung'aa dawa ikiwa kwenye ateri, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka.

Ugonjwa huu wa mafuta una ujanja wake: saratani huweza kuota ini likiwa halijasinyaa. Kwa mtu wa hivyo picha peke yake haitoshi, kinyama kikatwe kipimwe.

Raskazone: Shukrani. Na zile dawa za chupa za "kusafisha ini"?

Nguvumali: Aachane nazo, nyingine ndizo zinazoliumiza. Akiwa na kilo 90, kupungua 9 hutuliza ini lililovimba kwa mafuta na huweza kurudisha makovu nyuma. Aanze na soda na sukari ya chai kabla ya kugombana na nazi. Statini (dawa za kushusha kolesteroli) kama anatumia, asiache. Karanga na mahindi yenye ukungu atupe. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo inayochangia saratani ya ini, haiishi kwa kukaangwa.