Mrejesho: dhamana ya mdogo wangu, kesi ya kifurushi cha posta

Niliuliza kama mdogo wangu, aliyekamatwa Arusha akipokea kifurushi kutoka nje kinachodaiwa kuwa na kokeini, anaweza kudhaminiwa. Imeshindikana.

Wakili ametueleza kwamba kifungu cha 29 cha Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 kinaangalia aina ya dawa na uzito wake. Uzito ukifikia kiwango kilichotajwa, hakimu anafungwa mikono, hata mlete wadhamini wenye hati za nyumba. Kwa hiyo wenye kesi kama hii, ulizieni mapema ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ndiyo inayoonyesha aina na uzito wa dawa.

Kama dogo alijua kilichomo, hilo litasikilizwa kwenye kesi yenyewe. Inaniuma sana. Jumapili tunaenda gereza la Kisongo kumwona.