Mtu mzima ananiambia nimrudishie MARAHABA yake, kisa Bolivia!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Kahawa nimeiacha pale Mwanga, hapa Kigoma, haijaisha na kashata nimeshailipia. Mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, ananiambia mbele za watu: "Dogo, ile marahaba niliyokuitikia asubuhi, nirudishie." Nirudishie! Marahaba inarudishwaje, kwa bodaboda?

Simtaji. Kila aliyewahi kunywa kahawa Kigoma hii anamjua, yule wa redio begani, ambaye kila lililotokea duniani yeye alikuwepo. Meli ya Mjerumani inazamishwa 1916, alikuwepo. Che Guevara, yule mwanamapinduzi, anapita hapa Aprili 1965 kuvuka ziwa kwenda Kongo, yeye ndiye aliyembebea begi. Sasa leo redio ikataja Amerika ya Kusini. Mzee akakohoa, akaweka kikombe chini, tukajua tumekwisha. Akasema serikali zote za mrengo wa kushoto kule zimeingia kwa bunduki, na bunduki zenyewe zilipitia Kibirizi. Kibirizi hii ya dagaa!

Nikamwambia kwa adabu, mzee wangu, Chávez wa Venezuela alichaguliwa 1998, Lula wa Brazil 2002, yule daktari wa saratani wa Uruguay 2004, Evo Morales wa Bolivia 2005. Paraguay 2008 wakampa aliyekuwa askofu. Askofu, mzee! Askofu anapindua nchi kwa bunduki gani?

Watu wakaguna kuniunga mkono, nami nikalewa sifa. Nikapiga hesabu kwa sauti: "Halafu mzee, 1965 si ulikuwa bado mgongoni kwa mama?"

Kimya. Hata redio naona ilinyamaza. Ndipo akasema: "Dogo, hata Kalya ya hapa mkoani hujafika, Bolivia umeijulia wapi? Nirudishie marahaba yangu." Kijiwe kizima kikalala chini. Muuza kahawa akacheka mpaka akamwaga birika. Muuza kahawa niliyemchangia harusi!

Marahaba, jamani.

Mgebuka Mkavu: Kwa hiyo umeshamrudishia au bado?

Kahawa Chungu: Mimi nilikuwepo (kweli, si kama yule mzee). Mleta uzi hajasema kwamba aliondoka na ndala moja.

Mchikichi: Mzee wa watu hajakosea sana. Chávez alianza na bunduki 1992, ikagoma, akafungwa, ndipo akaja na kura. Na Allende wa Chile aliingia kwa kura 1970, bunduki ikamtoa 1973. Bunduki kule haikosekani, ni suala la imeshikwa na nani.

Mleta uzi: Mada si bunduki. Mada ni MARAHABA.

Mtu wa Reli: Hapa Tabora kijana hamhesabii mzee miaka, ndiyo maana mnafukuzwa vijiweni. Halafu wewe umeganda 2008. Argentina walimpa Milei wa mrengo wa kulia 2023, Bolivia 2025 wamemchagua Rodrigo Paz baada ya karibu miaka 20 ya chama cha Morales. Wakati ule Mchina ananunua soya na shaba bila kuuliza bei, rais gani wa kushoto asingeonekana mtume? Bei ya mafuta ilipoporomoka 2014, Venezuela watu wakafunga virago kwa mamilioni.

Mleta uzi: Lula umemruka makusudi. Kafungwa 2018, katoka, 2022 kachaguliwa tena. Na Bolivia gesi iliyotaifishwa 2006 ilijenga shule. Ila narudia, sikuja hapa kwa ajili ya Lula.

Bibi Mawese: Wanangu, mkono wa kushoto una kazi yake na kila mtu anaijua. Hizo serikali mgeni akija zinampa mkono upi?

Bandarini: 😂😂 Bibi funga uzi.

Bandarini: Mnajua Bolivia haina bahari? Chile waliwapokonya pwani kwenye vita iliyoanza 1879, mpaka leo wana jeshi la majini linalozunguka Ziwa Titicaca, juu mlimani mita 3,800 na ushee. Hao ndio ndugu zetu. Watu wa ziwa, hasira nyingi, meli chache.

Tatu Bila: Mimi kinachoniuma ni Che kule Kongo kuitwa Tatu, ndilo jina lake la siri. Wenzake Moja na Mbili. Watu wamevuka bahari nzima kuja kufanya mapinduzi, wanafungua kamusi ya Kiswahili, wanaishia kwenye namba. Miezi saba Kongo, wakarudi hapahapa Kigoma. Hata miezi kumi hawakufikisha.

Mtoto wa Kasulu: Mnasifia ujamaa wa watu. Babu yangu walimhamisha 1972 kwenye Operesheni Kigoma ya kupeleka watu vijiji vya ujamaa, migomba ikiwa imezaa. Waliokuja kumhamisha ndio waliokula zile ndizi. Nani amrudishie babu? Wewe unalilia salamu.

Mtu wa Reli: Ndizi zenyewe siku hizi zinakuja Tabora zimeiva kupita kiasi. Sijui mnazipakia na hasira.

Bibi Mawese: Unalalamika ndizi, mimi nimenunua mawese dumu zima, nusu maji. Nimechemsha mpaka jirani akaja kuuliza nafua nini.

Mleta uzi: Jamani mniambie kitu kimoja tu. Kesho asubuhi nampitaje pale? Nisipomsalimia sina adabu. Nikimsalimia, akiitikia, si deni limeongezeka?

Kahawa Chungu: Ndala yako iko kwa muuza kahawa.

Mgebuka Mkavu: Dumu hilo ulinunua wapi bibi? Nimeagizwa lita tano.

Bandarini: Na dagaa je, nani katoka Kibirizi leo? Jana niliuziwa mchanga.